Nusu ya Kidonge

Nakikata kwa kisu cha kumenyea ndimu.
Nusu moja hubaki kibaoni, nusu ya pili huruka,
na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na saba,
saa tatu na nusu ya usiku, hapa Al-Hail,
hupiga magoti mbele ya friji nikipapasa vigae
kama niliyedondosha kipini cha pua.

Jina la dawa ni refu kama nasaba ya mtu wa bara.
Biju wa duka la dawa kanichorea mwezi mchanga juu ya kisanduku
maana hakuwa na hakika nasoma lugha ipi.
Nazisoma zote mbili.
Zote mbili zimeandika: dawa ya huzuni.
"Miye sina huzuni," nikamwambia. "Miye sina usingizi."
Akatabasamu kwa adabu, akanirudishia baisa zangu mia mbili.

Karatasi ya maelezo niliichana vipande vinane,
nikavizika kwenye maganda ya vitunguu,
asije mkaza-mwanangu Muhaina akaiona,
na kabla ya magharibi habari ikawa imeshafika Barka:
mama yake Hilal anakunywa dawa za akili.
Kidonge kinakaa kwenye kopo la iliki.
Kimeshaanza kunukia chai.

Miezi kumi na moja nimelinda nyumba isiyo na mwizi.
Ndege nimezijua kwa sauti, hasa ile ya saa tisa na robo,
ipandayo na kikohozi.
Nimekunywa zaatari, nimetafuna habasoda,
nimesoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukalala,
macho yako pale pale, makavu kama ng'onda.
Dada yangu Shinuna, kwenye simu toka Ibra:
"Usingizi ni wa Mungu, hauuzwi dukani."
Unauzwa.
Riali tatu na baisa mia nane.

Usiku wa kwanza haukuja kwa kunyatia, kama nilivyoukumbuka.
Ulikuja kama mtu anayezima taa ya jikoni
bila kuuliza kama kuna aliyemo.
Nilipofumbua, jua lilikuwa juu ya tangi la maji la jirani,
na alfajiri, ambayo nilikuwa naifikia kabla ya mwadhini,
imepita mlangoni, haikunigongea.
Nikailipa sala kwa haya
na, Mola anisamehe, kwa raha.

Kisha mdomo ukakauka kama wadi ya Julai.
Njaa ikahamia, mpangaji asiyelipa:
saa kumi ya usiku nakuta kidole kimo ndani ya bakuli la haluwa
na sikumbuki nani kalifunua.
Ndoto nazo zikarudi, na kwa Kiswahili.
Suud, aliyenigombeza kwa Kiarabu umri wake wote,
anasimama kizingitini na viatu vyake mkononi:
"Funguo umeziweka wapi?"

Alipofariki Bi Zeyana nilikaa siku tatu mkekani,
kahawa inapita, wenzangu wanalia, mimi natazama zulia.
Ndipo nikamkumbuka mgawa maji wa falaji kule kwetu Ibra:
akimfungulia huyu,
yule humziba kwa tope na tambara.

Jana sikunywa. Nilitaka kujua.
Saa tisa na robo ikapita ile yenye kikohozi
nikaisikiliza hadi mwisho wake, juu ya bahari,
nikanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda,
upande ambao shuka haikunjiki,
na lile tambara likachomoka.

Leo nusu imeruka tena.
Kabla sijainama, Muhaina kashaiokota.
Akaipuliza vumbi, akaniwekea kiganjani,
akanipa na bilauri ya maji.
Hakusema kitu.
Akabandika birika, akanyoosha mkono kwenye rafu,
akafungua kopo, akatoa iliki tatu
bila kuchungulia ndani.